Sababu ya Kurudia

Watu wa Othaya walianza kumwita Adhis daktari kabla hajakanyaga hata darasa moja la udaktari, na aliyewaanzisha alikuwa baba yake mzazi.

Sajini Seth Odongo alikuwa na miaka ishirini na mitatu katika kazi ya polisi, na kumi na mmoja ya mwisho ilikuwa hapo hapo Othaya, kwenye vilima vya chai, mbali sana na kwao Ugenya. Mkewe, Mwalimu Benter, alifundisha katika shule ya msingi iliyo juu ya soko. Walipanga nyumba ya mawe kwenye mteremko, na waliyepakana naye ukuta kwa ukuta alikuwa Kingori, fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Binti yao Beverlyne Adhiambo, ambaye kila mtu alimwita Adhis, alikua akiingia na kutoka nyumba zote mbili. Kikuyu alikizungumza bila kukwama. Kijaluo alikisikia tu, akajibu kwa Kiswahili.

Barua ya chuo ilipofika kutoka Nyeri mjini, Sajini Seth aliibeba hadi kanisani akaisoma mbele ya waumini. Alisoma mstari wa kwanza, ule uliokuwa na neno udaktari, kisha akaikunja. Mistari iliyobaki ilieleza kwamba huu ulikuwa mwaka wa maandalizi tu. Wanafunzi wangesoma biolojia, kemia, fizikia na biokemia, na ni wale watakaofikisha wastani wa B peke yao ambao wangevukishwa kwenda kusomea udaktari. Wengine wangebaki na shahada ya kawaida ya sayansi. Adhis alikuwa ameketi benchi la tatu. Alingoja baba aendelee kusoma, lakini makofi yalikuwa yameshaanza.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalitoka Alhamisi moja ya Januari. Adhis aliyafungua kwenye simu yake akiwa chumbani na Mukami, msichana wa Embu waliyelala naye chumba kimoja hosteli na kusoma naye meza moja. Biolojia B. Kemia B. Biokemia C.

Aliitazama ile C mpaka mwanga wa simu ukajizima.

"Mimi nimepata B," Mukami alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi. "Wewe Adhis, C si kifo. Umepita."

Kupita alikuwa amepita, na hapo ndipo palikuwa na ugumu. Angeanguka, chuo kingemlazimisha kurudia na mambo yangeishia hapo. Aliyepita aliachiwa achague. Angeweza kuendelea na C yake na kuomba Mungu masomo yaliyobaki yauinue wastani. Au angeweza kujaza fomu, arudie biokemia pamoja na kundi lililojiunga Januari, na kundi lake livuke Septemba bila yeye. Tena kulikuwa na sharti: alama mpya ilifuta ya zamani, iwe imepanda au imeshuka. Fomu zilipokewa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni.

Kesho yake alimwendea mhadhiri wa biokemia, Dkt. Ngatia, mtu mfupi aliyevaa sweta ile ile ya kijivu tangu muhula uanze. Alimkuta akinywa uji kwenye kikombe cha bati. Hakumwuliza shida yake. Aliuvuta mtihani wake kutoka kwenye rundo akaufungua kwenye swali la nne, lililouliza ni nini hutokea mwilini mwa mtu ambaye hajala siku mbili.

Adhis alikuwa amejaza kurasa tatu. Alichora duara lote, mishale yote, majina yote marefu, na hakuna hata herufi moja aliyoikosea.

"Sasa," Dkt. Ngatia alisema, "huyu mtu amepatwa na nini?"

Adhis aliangalia karatasi yake. Hakuona mtu yeyote mle ndani.

"Nimekuuliza njia ya kwenda Gakindu, ukanichorea ramani ya Nyeri nzima. Ungekuwa mgonjwa siku ya mtihani, ningekwambia rudia, utafanya vizuri. Lakini hukuwa mgonjwa. Ulikariri."

"Nikirudia naweza kupata B, mwalimu?"

"Sijui. Ukikariri tena utapata C nyingine, au kitu cha chini yake." Akamrudishia macho, si kwa ukali. "Umekariri tangu darasa la kwanza, sivyo? Na imekusaidia mpaka leo."

Jumamosi alienda nyumbani na ile fomu tupu ndani ya begi, katikati ya nguo. Alikusudia kuwaambia wazazi wake. Lakini alipoingia tu, baba yake alikuwa na mgeni kutoka kituoni, askari mpya aliyehamishiwa hapo, na Sajini Seth akasimama wima kama anayepokea kamishna.

"Huyu ndiye yule daktari nilikuambia," alimwambia mgeni. "Nyathina, mwanangu, kuja usalimie. Mtihani ilienda aje?"

"Ilienda vizuri, Baba."

Mama yake alikuwa akichambua sukuma wiki mlangoni. Aliinua uso akamtazama binti yake kwa muda, kisha akaendelea na kazi yake.

Jumapili baada ya kanisa, mke wa Kingori, Wacera, ambaye mtaani walimwita Mama Mwai kwa jina la mwanawe wa kwanza, alimwita Adhis kwa juu ya ua aje anywe chai. Ndani Adhis alimkuta mama yake Kingori, nyanya wa nyumba ile aliyeitwa Cucu Wachuka, ameketi karibu na jiko, miguu imewekwa juu ya kigoda. Cucu alikuwa na miaka sabini na minne. Ndiye aliyemfundisha Adhis kuhesabu kwa Kikuyu akiwa mtoto, kwa mbegu za maharagwe.

"Daktari wangu," Cucu alisema kwa Kikuyu, "hizi dawa za presha zinanimaliza. Tazama miguu. Viatu vya kanisa haviingii, leo nimeenda na ndara. Kichwa nacho kinazunguka. Na siku yangu ya kliniki bado wiki tatu. Nikiziacha kidogo, kuna neno?"

Mama Mwai alimkabidhi Adhis kile kipaketi. Adhis alisoma jina la dawa, na moyo wake ukaruka. Alilijua. Alikuwa amelikuta kwenye jedwali moja la kitabu, na safu ya tatu ya jedwali hilo iliandikwa: miguu kuvimba.

Jibu la kweli pia alilijua. Lilikuwa jepesi: Cucu, mimi sijui, kesho nenda hospitali ukawaulize, si mbali. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini kwa siku tatu nzima alikuwa ametembea na ile C kifuani, na hapa palikuwa na watu wawili wanaomtazama kama mtu ajuaye. Hakuweza kujinyima.

"Ni hizi dawa ndizo zinavimbisha miguu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa utulivu wake. "Zipumzishe siku chache. Ukienda kliniki watakubadilishia."

"Uko na hakika?" Mama Mwai aliuliza.

"Niko na hakika, Mama Mwai."

Cucu alicheka kwa furaha, akampigapiga mgongo wa mkono. Chai ilikuwa tamu. Adhis aliondoka akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na jioni hiyo alirudi Nyeri bila kumwambia baba yake lolote.

Jumatano saa saba mchana, akiwa kwenye foleni ya chakula, baba yake alipiga simu.

"Kuna habari mbaya. Cucu wa hapa kwa Kingori ameanguka jikoni asubuhi. Upande ya kulia yote imelala. Haongei." Kisha Sajini Seth akasema neno alilofikiri ni la kumtia moyo. "Ungekuwa hapa ungemsaidia."

Adhis alitoka kwenye foleni. Mukami alimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma ya maabara, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama huku na huku.

"Nani anajua?"

"Mama Mwai. Na Cucu mwenyewe."

"Basi nyamaza. Ni mtu mzee, Adhis. Pengine ingempata tu hata akizimeza. Wewe ukisema, unamsaidia nani?" Kisha akaongeza, kwa upole, "Na fomu ni keshokutwa. Usiirudie hiyo kozi. Tuendelee pamoja."

Mukami hakuwa mtu mbaya. Alichosema ndicho Adhis alichokuwa anajiambia mwenyewe kabla yeye hajafika.

Alhamisi asubuhi hakwenda darasani. Alienda Othaya moja kwa moja hadi wodi ya wanawake. Cucu Wachuka alikuwa kitanda cha pili kutoka dirishani. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande, na jicho moja lilimfuata Adhis likashindwa kufika. Mama Mwai alikuwa akimfuta mate kwa leso. Adhis alimwomba watoke nje kidogo.

"Mama Mwai, mimi si daktari," alisema walipofika kwenye benchi la koridoni. "Hata udaktari sijaanza. Nilichowaambia Jumapili nilikisoma kwenye jedwali. Sikujua. Nilipata C, na nikataka mnione najua."

Mama Mwai hakupaza sauti. "Ati nini?"

Adhis alirudia. Safari hii kila neno lilikuwa zito zaidi.

"Wakati tulimleta, waliniuliza kama ameacha dawa," Mama Mwai alisema. "Nikasema hapana, anameza kila siku. Nilidanganya daktari. Niliona nikisema ni wewe, nitakuharibia masomo." Alikunja ile leso mara mbili, mara tatu. "Nilifikiri wewe unajua."

Mhudumu alipita akisukuma kigari cha vyombo.

"Enda umwambie," Mama Mwai alisema hatimaye. "Mimi sitaweza."

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu ya usingizi. Alisikiliza huku akiandika kwenye faili.

"Ameacha kwa siku ngapi?"

"Tangu Jumapili."

"Nani alimwambia aache?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mwanafunzi."

"Wa mwaka wa ngapi?"

"Wa maandalizi."

Kalamu ilisimama. Adhis alingoja kukemewa, akatamani hata akemewe. Yule daktari alimtazama tu, kisha akamalizia sentensi yake kwenye faili.

"Inaweza kuwa ni hilo, inaweza kuwa silo," alisema. "Presha yake ilikuwa inasumbua hata mwaka jana. Wewe hutajua, na mimi sitajua. Lakini umefanya vizuri kusema, maana sasa najua ninampa nini."

Ile "hutajua" ndiyo iliyokaa naye. Angeambiwa ni wewe, angelia. Angeambiwa si wewe, angelia vilevile. Sasa alitoka hospitalini macho makavu, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za maduka, na hakujua hata pa kulipeleka jambo lenyewe.

Baba yake alirudi kutoka kazini saa kumi na moja, bado amevaa sare. Adhis alimweleza akiwa amesimama. Sajini Seth aliuliza maswali yake kama anayeandikisha taarifa kituoni: siku gani, saa ngapi, nani alikuwepo, maneno yenyewe yalikuwa yapi. Alipomaliza maswali alivua kofia akaiweka juu ya meza, na kwa mara ya kwanza Adhis aliona jinsi nywele zake zilivyokuwa zimepungua.

"Na hii C. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaniita daktari mbele ya mgeni, Baba."

Sajini alisimama, akavaa kofia tena. "Twende kwa Kingori."

Kingori aliwapokea mlangoni akiwa na mikono myeusi ya kazi. Sajini alisema yeye ndiye mwenye kosa la kwanza, kwa sababu ndiye aliyempa binti yake jina ambalo hakuwa amelifikia. Adhis alisema yake. Kingori aliwasikiliza wote wawili huku akiangalia chini.

"Sajini, sisi ni majirani miaka kumi na moja," alisema mwishowe. "Sitaki kesi. Lakini leo sina maneno ya kukupa. Hata chai sitasema muingie." Akarudi ndani, akaufunga mlango taratibu, na kufungwa huko taratibu kulimwumiza Adhis kuliko kama angeubamiza.

Ijumaa asubuhi mama yake alimsindikiza hadi stendi. Barabara ilikuwa na tope jepesi la umande, wachuma chai walikuwa wameshaingia mashambani na vikapu vyao.

"Fomu ni leo," Mwalimu Benter alisema. Kumbe aliiona kwenye begi tangu Jumamosi.

"Sijui kama ninafaa, Mama."

"Fomu haijauliza hilo."

Walitembea kidogo.

"Darasani kwangu," mama yake akasema, "mtoto akiniambia sijui, najua pa kuanzia. Yule wa kujibu asichokijua ndiye hunipotezea mwaka mzima. Rudia ukitaka kuelewa. Usirudie ndio ulipie kosa. Huyo mama wa watu hatainuliwa na B yako."

Adhis alifika ofisi ya masomo saa tisa na nusu. Alijaza jina, namba ya usajili, somo. Chini kulikuwa na mistari mitatu mitupu na maneno: Sababu ya kurudia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki muda mrefu. Alifikiria kuikunja fomu na kwenda kumwambia Mukami kwamba wataendelea pamoja. Alifikiria pia kuacha yote, arudi nyumbani asijifunze kitu chochote kinachogusa mwili wa mtu. Mawazo hayo mawili yalikuwa na nguvu sawa. Saa kumi kasoro kumi, aliandika: Nilikariri, sikuelewa.

Karani, mwanamke wa makamo, aliisoma akainua nyusi. "Hii si sababu, mami. Wengine huandika ugonjwa, ama msiba. Hii watakukatalia."

"Ndiyo niliyo nayo."

Karani alitikisa kichwa, akagonga muhuri. Hawakumkatalia.

Muhula ule ulikuwa mrefu. Kundi la Januari lilikuwa la watoto waliotoka shule juzi, wakimshangaa huyu dada anayekaa mbele na kusimamisha somo kila dakika kumi. "Sijafuata hapo, mwalimu," angesema, mpaka wengine wakaanza kuguna. Dkt. Ngatia hakuguna. Alikuwa anafuta ubao na kuanza upya. Mukami aliendelea kulala kitanda cha pili chumbani, lakini ratiba zao ziliachana, na maongezi nayo yakapungua mpaka yakabaki ya nani amechukua ndoo.

Kila Jumamosi ya pili Adhis alienda Othaya kumtazama Cucu, ambaye sasa alikuwa amerudishwa nyumbani. Ilichukua mwezi mzima kabla Kingori hajamruhusu apite mlangoni. Alionyeshwa na muuguzi jinsi ya kukunjua vidole vya mkono uliolala, kimoja kimoja, kisha kiwiko, kisha bega, na akawa anafanya hivyo huku Mama Mwai akiendelea na kazi zake bila kumwangalia. Hawakuongea kama zamani. Mama Mwai alimwekea chai mezani, akatoka. Cucu hakurudiwa na maneno. Wakati mwingine alilia bila sauti, na haikujulikana kama ni maumivu au ni kumbukumbu, au ni ule ugonjwa tu unaofungua machozi bila ruhusa ya mwenyewe.

Mwezi wa tano biokemia ilitoka B. Adhis alimwonyesha mama yake, na mama akamshika bega. Baba alisema, "Vizuri."

Cucu Wachuka alifariki katikati ya Julai, wakati wa baridi ile ya Nyeri inayokaa siku nyingi bila jua. Alikuwa amelala usingizi wa mchana. Kwenye mazishi, Sajini Seth na jamaa yake walisimama nyuma, karibu na ua wa michongoma. Msemaji mmoja alisema marehemu alikuwa mtu wa kuamini watu. Adhis aliinamisha kichwa. Hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa kuwa Kingori na mkewe hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, na hawakuwahi kumwambia hadi leo.

Septemba Mukami alivuka. Siku ya kuhama hosteli walikumbatiana, na Mukami alilia zaidi. Adhis alibaki na fizikia na sehemu ya pili ya biokemia. Biokemia aliifanya vizuri kuliko alivyowahi kufanya somo lolote maishani mwake. Swali la mwisho alilijibu kwa nusu ukurasa, na ndani ya nusu ukurasa ule mlikuwa na mtu. Lakini fizikia ilimkataa. Desemba wastani wake ulisimama kwenye B ya kutoa, hatua moja chini ya B iliyotakiwa. Chuo kilimwandikia barua fupi kwamba ameingizwa kwenye shahada ya sayansi, na kwamba anaweza kurudia fizikia akitaka, kwa masharti yale yale.

Aliipeleka barua nyumbani. Safari hii baba yake aliisoma yote, mstari kwa mstari, akifuatisha kidole, mpaka kwenye sahihi. Aliirudisha ndani ya bahasha.

"Utarudia?" aliuliza.

"Sijui, Baba."

Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu kamili. Mwalimu Benter alileta ugali, wakala watatu, na mvua ikaanza juu ya mabati kwa kishindo kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema neno lingine likasikika.